Garimoshi la Malampaka Halikai Reli Pana

Kijiwe cha Mayige muuza kahawa kiko Bariadi, kando ya barabara ya kwenda Lamadi: benchi moja refu, birika moja, vikombe sita, kimoja hakina mkono. Mwisho wa benchi ndipo ilipo meza ya Nyanjige, fundi saa, mwanamke pekee wa kudumu pale, na hajawahi kumwomba mtu ruhusa ya kukaa. Siku hiyo saa za watu zilikuwa zimesogezwa pembeni. Mbele yake lilisimama garimoshi jeusi la mfano, refu kama kiganja na nusu, lile la kununuliwa dukani, lenye dohani mbele na kijimota cha umeme tumboni. Lililetwa na Josia, kijana anayeandaa banda la historia ya usafiri kwa maonyesho ya Nane Nane pale Nyakabindi. Alileta na reli zake kwenye boksi, akasema: lipake rangi, andika MALAMPAKA ubavuni, basi. Nyanjige alilipaka. Akaandika. Akalitazama kwa muda, kisha akayang'oa magurudumu.

— Umelivunja, alisema Mhoja, ambaye kijiwe kinamwita Injinia kwa sababu aliwahi kulinda kambi ya wajenzi wa barabara.

— Nalipunguza upana.

— Kwa nini?

— Magurudumu ya kushoto na ya kulia yalipishana milimita kumi na sita na nusu. Ukikuza hadi ukubwa wa garimoshi lenyewe, unapata reli pana, kama hii mpya inayojengwa. Reli ya zamani ya Malampaka ni mita moja. Kwa hili dogo inatakiwa milimita kumi na mbili.

Salu, aitwaye Spika kwa kuwa humpa kila mtu nafasi ya kusema kisha akaichukua mwenyewe, aliweka kikombe chini.

— Nchi nzima inapanua, fundi, wewe unabana?

— Nchi ipanue. Mimi natengeneza la zamani.

Hakuwaeleza zaidi. Baba yake alikuwa kwenye genge la kukarabati reli, naye alizaliwa katika nyumba za genge, stesheni ya Malampaka. Akiwa na miaka minane aliweza kuvuka kutoka chuma kimoja hadi kingine kwa hatua moja ndefu, mikono hewani, bila kugusa kokoto. Zile reli za Josia alizipima mara ya kwanza kwa kalipa, kile kipimo chake cha milimita, na mara ya pili kwa kichwa chake. Kwa upana ule, yule mtoto wa miaka minane asingefika. Angeangukia katikati.

Kwa hiyo siku nne alikuwa na kazi hiyo. Alizipunguza urefu ekseli, vile vyuma vinavyoshika magurudumu, akachonga fremu pande zote mbili, akanyoa kingo za magurudumu zikawa nyembamba kama kucha. Reli alitengeneza mwenyewe kwa vipande vya shaba, akavilehemu juu ya vichwa vya skrubu kwenye ubao. Siku ya nne aliunganisha betri. Garimoshi likaenda shibiri moja likichechemea, likakwama.

— Hapo sasa, alisema Injinia. Mota hiyo ni ya nchi za baridi. Joto la Bariadi limeilegeza.

— Si joto, alisema Spika. Ni uzito. Umelibana tumbo, nguvu zimepanda kichwani. Ndiyo maana wale wa zamani, reli yao nyembamba, walikuwa wanapiga honi sana.

— Reli ile ilipimwa kwa ng'ombe, unajua? alisema Injinia. Dume la Kisukuma lilisimamishwa, wakaweka chuma huku na chuma huku.

— Dume la nani? aliuliza Spika.

— La babu yangu upande wa mama. Hawakumrudishia.

— Na kwato ziliingia wapi?

— Ndiyo sababu linakwama, alisema Injinia, kana kwamba amelijibu swali.

Josia alifika na pikipiki, akaziona reli zake zimerudishwa kwenye boksi. Hakukaa.

— Mama, kesho saa nne linatakiwa bandani. Hii ni nini?

— Ni reli ya Malampaka.

— Wananchi hawatajua tofauti ya milimita nne.

— Nne na nusu. Na mimi ni mwananchi, nimetoka huko.

— Rudisha lilivyokuwa.

— Sirudishi.

— Mama, mimi ndiye nimelileta.

— Ni kweli. Basi futa jina. Chukua kitambaa hiki, futa MALAMPAKA ubavuni, andika jina la huko lilikonunuliwa, nami nitalirudishia upana wake sasa hivi ukiwa hapo umesimama.

Alimnyooshea kitambaa chenye spiriti. Josia alikitazama. Benchi nzima ilikitazama. Hakukipokea. Baadaye kidogo alikaa.

Nyanjige alivaa lenzi yake ya jichoni, akaligeuza garimoshi chali, akayazungusha magurudumu kwa kidole polepole. Aliegemeza viwiko mezani. Upande wa kushoto ufito unaounganisha magurudumu ulikuwa chini kabisa. Upande wa kulia ulipaswa kuwa nyuma yake robo ya mzunguko, si zaidi. Ekseli ya katikati ilikuwa imepita robo hiyo kidogo. Aliirudisha vibaya siku ile ya pili. Kila pande mbili zilipokutana, moja ilivuta, nyingine ikazuia. Aliishika kwa koleo ya saa, akaisogeza upana wa unywele, akajaribu, akaisogeza tena.

Safari hii lilitembea. Lilikwenda mpaka mwisho wa ubao, akageuza nyaya, likarudi, fito zikipanda na kushuka bila kusita. Injinia alivua kofia akaitazama ndani.

— Joto limepungua, alisema.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amesimama nyuma yao na saa ya ukutani kwapani. Ni Minza, mkulima wa pamba kutoka Sola, aliyekuja mjini kwa shughuli zake.

— Mwadila, alisalimia kwa Kisukuma.

— Mwadila, mayu, waliitika, wakimwita mama.

Akalitazama garimoshi likienda na kurudi.

— Linabeba nini?

— Ni la maonyesho, mayu, alisema Spika.

— Nimeelewa. Linabeba nini?

Josia aliinama kwenye boksi, akatoa reli, akatoa karatasi, akatoa povu la kufungia. Hapakuwa na behewa hata moja.

— Sisi pamba yetu ilipelekwa Malampaka kwa lori, alisema Minza, marobota yakapandishwa kwenye mabehewa. Kichwa peke yake sijawahi kukiona kikiitwa treni.

Akaiweka saa yake mezani kwa fundi, akaketi kusubiri.

Nyanjige alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyejikamata mwenyewe. Siku nne za kugombania milimita, na hilo la mzigo halikumpitia akilini. Josia alikuwa ameshanyoosha mikono.

— Kazi imekwisha, mama. Nipe niondoke.

Nyanjige aliweka kiganja juu ya garimoshi. Kwa mkono mwingine alivuta kipande cha bati na kalipa, akaanza kupima ubavu wa behewa.

— Mayige, mmiminie kahawa kijana huyu.

Mayige aliliinamisha birika. Halikutoa tone.

— Imekwisha.

— Basi atakaa bila kahawa, alisema Nyanjige. Treni haijapakia.