Foleni ya Kavumu

Usinikunjie uso kabla sijaanza. Wewe hukuwapo. Mvua ya siku ile iliwafanya wanywaji wa kahawa wa mtaa wa Kadutu walibebe benchi lao kutoka barabarani na kuliingiza nyumbani kwa Maman Delphine, wakaketi kama wako kwao, wakanywea vikombe vyake.

Walikuwa watatu: muzee Aloys, mwalimu mstaafu wanayemwita Dictionnaire, yaani Kamusi; Guylain wa taxi-moto, pikipiki ya abiria, jina lake la utani Sans Frein, Bila Breki; na Bruno, aitwaye Fiancé, mchumba, ambaye Jumamosi ile angemuoa Carine, binti wa dada yake Delphine.

Walibishana ni nani anayeleta ukimwi mjini. Dictionnaire alisema ni wale wasiosoma. Sans Frein akakataa: ni wachimba dhahabu wa Shabunda. Dictionnaire akaja na mpya, kwamba ugonjwa unapenda watu wafupi, damu yao haina safari ndefu.

Delphine alicheka nao, kama alivyocheka miaka tisa huku vidonge vyake vimefichwa kwenye mfuko wa unga. Dawa alizifuata hospitali ya Kavumu, nje ya mji, akiviruka vituo vyote vya mjini, jirani asimwone. Huko, mwezi wa tatu mwaka huo, alimkuta Bruno kwenye foleni, naye amekuja kujificha. Kila mmoja akatazama ukuta. Walipewa tarehe moja ya kurudi, mwezi wa sita. Delphine alirudi. Bruno hakuonekana; dawa zake zilibaki mezani kwa muuguzi.

— Mie, mutu mwenye iko nayo namujua kwa macho, Bruno akasema. Siwezi kunywa hata kwa kikombe chake.

Delphine akaacha kucheka, akaona aibu kwamba alicheka nao.

— Basi tema, Fiancé. Mie niko nayo miaka tisa.

Vikombe vikawekwa chini. Cha Bruno kilitangulia.

— Maman, unacheza, Sans Frein akasema.

— Nacheza na nani? Nameza dawa kila siku, niko muzima, siambukizi mutu. Aibu yangu ni ya kunyamaza tu, si ya ugonjwa. Bruno, tulionana Kavumu, na sababu ya kuogopa nikuone tena ukaacha dawa. Ndoa ni samedi hii. Carine anajua?

Dictionnaire alimtazama Sans Frein. Bruno alitazama miguu yake. Mvua ikaendelea kupiga bati.

Delphine akajitanda kitenge kichwani, akatoka kwenda kwa Carine, akawafungia mlango kwa nje.