Mpiga Mbiu Benoni Tefft na Mfalme Asiyetoka Mdomoni

Jumamosi hii, tarehe 5 Juni 1790, Mzee Benoni Tefft anaweka chini kengele ya Baraza la Rhode Island baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupiga mbiu. Aliajiriwa tukiwa koloni la Mfalme wa Uingereza, anastaafu tukiwa jimbo la Marekani, na hapo katikati hata sisi makarani hatukujua tulikuwa nini.

Baraza letu halina kwao: leo Newport, kesho Providence, mara East Greenwich. Benoni alilifuata kote kwa miguu, kengele ameivika soksi isilie njiani, na mkewe Mehetabel akiwa nyuma na kapu la mikate ya mahindi.

Kazi yake ilikuwa kutangaza maamuzi mlangoni, kisha kumalizia: Mungu amlinde Mfalme. Mei 1776 Baraza lilimkana Mfalme. Benoni aliitangaza habari hiyo vizuri kabisa, halafu, kwa mazoea, akamwombea Mfalme ulinzi.

“Mfalme gani tena, Mzee Tefft?” spika aliuliza.

“Yule yule wa jana, mheshimiwa.”

Kicheko ndicho kilichomwokoa na jela. Lakini aliambiwa wazi kwamba sasa aiombee Rhode Island, na akiteleza tena, kengele inakwenda kwa mwingine. Mazoea yana tabu. Tangu hapo Mehetabel alikaa benchi la mbele akifuma soksi, na kila mumewe alipokaribia neno la mwisho, alikohoa. Wageni walimpa pole ya kifua. Vita vilikuja vikaisha, kifua hakikupona.

Majimbo jirani yalipoungana kuwa Marekani, sisi tulikataa, tukakataa tena. Benoni alifurahi. “Msiharakishe,” alituambia. “Haya maneno mapya yenyewe sijayazoea bado.”

Majira ya baridi yaliyopita tulimzika Mehetabel. Benoni hakutaka kuiacha kengele. Alisema nyumbani kumekuwa kimya mno.

Jumamosi iliyopita, baada ya kugombana kutwa, tuliingia kwenye Muungano kwa kura mbili tu za ziada. Waliosema hapana hawakuwapa mkono waliosema ndiyo. Benoni alisimama mlangoni, akatangaza, akafika kwenye Mungu amlinde, akakwama akiliangalia benchi la mbele.

Ukumbi mzima ukakohoa, ndiyo na hapana kwa pamoja. Ndilo jambo pekee tulilokubaliana sote siku hiyo.

“Mungu ailinde Rhode Island,” alimalizia, akajifuta macho kwa soksi ya kengele.

Asante, Mzee Benoni. Tunakutakia miaka ya raha, na ukitamani kumtaja Mfalme, mtaje. Sasa uko kwako. Kengele nenda nayo. Nyumba ikiwa kimya mno, ipige, nasi tutakuja na vifua vyetu.