Bibi Kifungu Anaaga, Neno Lake Linabaki

Leo Ijumaa, tarehe 30 Juni, mkaguzi wetu wa ustawi wa wanyama wa maabara atarudisha funguo, beji na gambuti zake baada ya kuitumikia taasisi hii kwa miaka thelathini na mmoja. Ofisi ya utumishi imenikabidhi mimi, katibu wa kamati ya maadili ya utafiti, kazi ya kuandika ukurasa huu wa kumuaga, na ikanisihi uwe wa kuchangamsha. Nimejaribu. Mkisoma mtaona wenyewe nilipofika na nilipokwama.

Humu ndani hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Bibi Kifungu tu. Alibandikwa jina hilo kwa sababu ukimuuliza kama mvua itanyesha, atakujibu kwa kifungu cha kanuni. Mwanzoni lilikuwa jina la kumteta chooni na kwenye foleni ya mshahara. Baadaye likawa la heshima, na siku hizi hata mumewe akipiga simu ya mapokezi humuulizia Bibi Kifungu, bila haya.

Alikuja kwetu akiwa daktari wa mifugo kijana, mikono bado ina makovu ya kwato za ng'ombe wa watu. Chumba cha wanyama wakati huo kilikuwa ghala kuukuu lenye bati tupu juu. Sungura walikuwa wakifa kwa joto kabla mtafiti hajawagusa, na watu waliona sawa tu, kwani mnyama wa maabara si wa kufa? Bibi Kifungu akaning'iniza kipimajoto ukutani, akadai feni, halafu dari. Alipoambiwa dari isubiri, hakugombana na mtu. Alihamisha meza yake akaiweka katikati ya vizimba, na kuanzia siku hiyo kila mwenye shida naye, mkurugenzi akiwemo, alimfuata humo humo. Wakubwa wakatoka na mashati yameganda mgongoni. Mafundi wa dari walifika kabla ya mwezi kuisha.

Kisa cha ndizi kinajulikana, lakini nikikiacha wahudumu wa wanyama watanichukia. Kuna kipindi tumbili walikuwa wakikonda ilhali ndizi zinaletwa za kutosha. Mtu mwingine angeunda tume. Yeye alipita tu jikoni kwao, akatangaza kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kuanzia kesho ndizi zote zitachomwa sindano ya dawa ya minyoo, ile inayomwendesha mtu siku mbili. Hakuchoma hata moja. Tumbili wakanenepa, na mhudumu mmoja, ambaye leo ndiye msimamizi wa chumba kile, mpaka sasa akiona ndizi hushika tumbo. Ameniruhusu mwenyewe niandike.

Nyumbani hali ni hiyo hiyo. Mumewe, ambaye ni seremala, analalamika kwamba paka wao ana haki nyingi kuliko yeye, maana bakuli la paka huoshwa kwanza ndipo sahani ya baba mwenye nyumba ifuate. Binti yao mkunga anasema alipojifungua, mama yake aliingia wodini, akamwangalia mjukuu, kisha akakagua wavu wa dirisha.

Watafiti wengi walimwogopa, na wengine walimwona kikwazo. Mimi nimekaa naye kwenye kamati miaka mingi, naweza kusema hakuwa mtu wa kupinga utafiti. Huyo binti yake mkunga alipokuwa mchanga aliponea chupuchupu kwa dawa iliyojaribiwa kwanza ndani ya vizimba vile, na Bibi Kifungu hakulisahau hilo hata siku moja. Alichokataa ni uongo. Watafiti walikuwa na neno lao, mnyama "amepumzishwa". Kila alipoliona kwenye ripoti alilikata kwa wino mwekundu, akaandika juu yake: "ameuawa". Alisema aliyepumzishwa huamka baadaye akaomba chai. Kama ni lazima tuue, tuseme tumeua, na tuue kwa namna ambayo mnyama hataona kinachokuja, wala mwenzake wa kizimba cha pili hatasikia. Ndiyo maana ofisi ya utumishi iliponipa mfano wa ukurasa wa kuaga, wenye kichwa cha habari "Mapumziko Mema", niliukunja nikautia mfukoni.

Sasa nifike pale ambapo uchangamfu umenishinda.

Katika ujana wake hapa, Bibi Kifungu alipewa kazi ya kuandika kanuni za kutunza wanyama, zile tunazozitumia hadi leo. Karibu zote ni za kupigiwa mfano. Kifungu cha kumi na nne alikiandika kwa hasira, akikumbuka sungura wa kwenye bati, maana hakutaka tena watafiti waachwe na wanyama bila jicho la mtu. Akaandika: "Pasipokuwa na mkaguzi, asibaki mnyama hata mmoja." Alikusudia asibaki mikononi mwao, wanyama waondolewe, wapelekwe penye mtu wa kuwaangalia. Mhasibu wa enzi hizo alitania kwamba maneno hayo yanafaa kwa jemadari anayeingia mji wa adui. Kamati yote ikacheka, naye akacheka, kikapita.

Na kilifanya kazi. Kila alipokwenda likizo ya uzazi, wakubwa walihaha kuazima mkaguzi kutoka taasisi jirani, kwa hofu ya kifungu hicho. Kilikuwa fimbo yake, na alikuwa akijivunia.

Leo wanyama pekee waliosalia kwetu ni tumbili watano katika chumba cha nyuma. Utafiti wao wa dawa ya malaria ulikwisha mwaka jana na ulikwenda vizuri, na wao wenyewe wazima. Mmoja ana sikio lililochanika, akisikia funguo hunyoosha mkono nje ya wavu kama mtu anayedai chenji. Jike mzee huwachambua wahudumu nywele za mikono, taratibu, akidhani ni chawa. Bibi Kifungu hakuwapa majina, kwa sababu anaujua moyo wake. Aliwaahidi wahudumu kwamba hawa hawataishia kwenye meza ya kupasuliwa, watakwenda kwenye hifadhi ya wanyama waliookolewa, wakapande miti. Hifadhi ilikubali, hata banda ilijenga. Kilichobaki kilikuwa kibali cha kuwasafirisha, kutoka makao makuu.

Wakati huohuo tuliarifiwa kwamba nafasi ya mkaguzi imesitishwa. Hataajiriwa mwingine. Kuanzia sasa maabara zitajikagua zenyewe, jambo ambalo msimamizi wa chumba cha wanyama, kwa uzoefu wake wa ndizi, amesema hawezi kulitolea maoni.

Ndipo mwanasheria wa taasisi akafungua kanuni, akasoma kifungu cha kumi na nne. Ni kijana mpole, hana ubaya na mtu. Alisema kuanzia Jumamosi hatutakuwa na mkaguzi, na kanuni inataka asibaki mnyama hata mmoja. Bibi Kifungu alimweleza alichokusudia. Kijana akajibu, kwa adabu zote, kwamba sheria ni kilichoandikwa, na kilichokuwa moyoni mwa mwandishi hakisomeki. Nilikuwapo. Mama yule aliyewafundisha watafiti wote wa taasisi hii kuandika wanachomaanisha aliinama akalisoma tena neno lake.

Aliomba kifungu kiongezwe maneno mawili tu, "mikononi mwao". Akajibiwa kwamba marekebisho yatajadiliwa kwenye kikao cha mwezi wa tisa, sambamba na kibali cha usafiri. Akaomba afanye kazi bure hadi mwezi wa tisa. Akajibiwa umri ni umri, na bima haimlindi mtu wa bure. Akaomba tuazime mkaguzi kwa jirani kama zamani, kumbe wa jirani naye kastaafu na nafasi yake imesitishwa vilevile. Mwisho, hili naliandika nikijua litamtia haya, aliomba awachukue nyumbani kwake. Mumewe alikuwa ameshanunua wavu na kupima ua. Akakataliwa, kwa kuwa mnyama wa porini hafugwi kwenye makazi ya watu. Hicho ni kifungu cha thelathini, nacho ni chake mwenyewe.

Nilimsikia mmoja wetu kwenye korido akisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sijasalimiana naye tangu siku hiyo na sina haraka.

Semeni mlitakalo, mimi nimekata tamaa. Nimeandika kumbukumbu za vikao vya kamati hii nusu ya umri wangu. Nimeandika "kamati ilijadili kwa kina" mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu, na mwaka huu wote sijui tumemwokoa nani. Hakuna mtu mbaya katika kisa hiki, hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mkurugenzi analia bajeti, kweli haipo. Mwanasheria anasoma kilichoandikwa, makao makuu wana ratiba yao. Kila mmoja amefanya kazi yake sawasawa. Ukiunganisha kazi zetu zote sawasawa unapata tumbili watano wazima, wenye banda linalowasubiri, wasiokwenda.

Tena haikuishia hapo. Ilibidi jambo lifanyike kabla ya leo jioni, kwa sababu kanuni inataka mnyama asiuawe bila mkaguzi kuwapo, na kesho mkaguzi hatakuwapo. Mkurugenzi alimwambia Bibi Kifungu kwamba hatalazimishwa, anaweza kusaini na kukaa ofisini, wengine watamaliza. Alikataa. Alisema kama yeye hayupo, watu watakuwa na haraka, na haraka ndiyo inayowatisha wanyama. Juzi alishinda mle ndani akiwaelekeza wahudumu, akataka pazia lishonwe kati ya vizimba, redio izimwe, mlango wa chuma upakwe mafuta usilie. Sindano ya usingizi atachoma yeye. Atamshika kila mmoja hadi akate roho, ndipo amwite anayefuata. Jike mzee atakuwa wa kwanza, kwa sababu ndiye mwepesi wa kuhisi.

Kwa hiyo mkiona kwenye ratiba sherehe imesogezwa kutoka saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, sababu ndiyo hiyo. Asubuhi hii mstaafu yuko kazini.

Kesho taasisi yetu itakuwa imetimiza kanuni zote kwa ukamilifu ambao haujawahi kuonekana katika historia yake. Mkaguzi akija kutoka popote hatapata kosa. Wala hatapata kizimba chenye kitu.

Bibi Kifungu, mlezi wa chumba chetu, mwalimu wa wahudumu na kiboko ya watafiti, tunakushukuru. Tunashukuru kwa dari, kwa feni, kwa wino mwekundu, na kwa panya na sungura wasiohesabika ambao kama ilibidi wafe, walikufa bila kutetemeka kwa sababu ulikuwapo. Mumeo seremala, binti yako mkunga na wajukuu wamesubiri zamu yao muda mrefu, na sasa wewe ni wao. Tunakuombea afya, nyumba yenye kelele za watoto, na miaka mingi ambayo hutalazimika kukagua chochote. Kuhusu yale mengine sina dua inayofaa, nimetafuta.

Wageni waalikwa mnaombwa jambo moja. Ataingia ukumbini kwa mlango wa nyuma, ule unaotoka upande wa maabara. Tafadhali tusisimame, tusimpigie makofi, na asiwepo wa kumkimbilia kumpa mkono. Tumwache apite kwanza akanawe.