Mwalimu Telesphory na Karatasi za Mbu

Kabla hajaanza kusoma, Brigitha, dada mkubwa wa marehemu, anawaomba ninyi mliokaa upande wa jiko mwache kuguna, maana jana aliwasikia mkisema kwamba mtu wa miaka hamsini na tisa hawezi kuwa mwanafunzi, kwamba karatasi zile za Kiingereza zilikuwa za uganga, na kwamba alipokuwa akishinda madimbwini na fimbo ya kupimia kina cha maji alikuwa akiweka alama ili mashamba yenu yachukuliwe. Hakuna shamba lililochukuliwa. Anayebisha aje mbele ashike karatasi hii asome yeye, na kama hawezi, basi anyamaze asikilize, kwa sababu kamati ya msiba imetoa dakika tano na hizi za kukemea hazimo.

Marehemu Telesphory Dionisi alizaliwa tarehe 14 Mei 1966 katika kijiji cha Kiberege, mtoto wa tatu wa mzee Dionisi na mama Paulina, ambao wote wametangulia, na wa kwanza wao ni huyu mnayemsikia, aliyembeba mgongoni mama alipokuwa akipanda mpunga, na ambaye tangu siku hizo alimjua kuwa mtoto wa kuuliza swali, kujibiwa, na kuliuliza tena kana kwamba hukujibu.

Alisoma shule ya msingi Kiberege kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, akaendelea na sekondari mjini Morogoro hadi 1984, kisha chuo cha ualimu hadi 1987, na mwaka huohuo akaajiriwa kufundisha Jiografia, kazi aliyoifanya katika shule nne za bonde hili mpaka alipostaafu kwa hiari tarehe 30 Juni 2021, na waliopita mikononi mwake wako hapa wengi, wengine wameota mvi, na bado mkisikia neno ramani mnanyoosha migongo.

Tarehe 9 Julai 1994 alifunga ndoa takatifu na Agnella, mwanamke mpole kuliko tulivyostahili katika ukoo wetu, wakajaliwa watoto wawili, Tekla aliyezaliwa 1995, ambaye sasa yuko Kidatu kwenye miwa na mumewe, na Fredy aliyezaliwa 1998, ambaye yuko Dodoma. Agnella alifariki tarehe 3 Machi 2014, ndipo dada yake marehemu akafunga mlango wake Kiberege akahamia hapa Mlabani, Ifakara, kwa sababu mwanamume aliyefiwa anaweza kula ugali na chumvi mwezi mzima akasema ameshiba.

Oktoba 2015 marehemu alijiandikisha katika chuo kimoja cha kusomea nyumbani, shahada ya sayansi ya mazingira, na dada yake alipomwuliza shahada ya nini katika umri ule, alisema anataka kujua kwa nini mabwawa ya Kivukoni, ambayo zamani, enzi za kuvuka kwa pantoni, yalikuwa yakishika maji mpaka mvua nyingine, siku hizi yanakauka watu wakiwa bado wanavuna. Dada yake akamwambia kila mvuvi pale analijua hilo. Naye akasema, “Wanajua, dada, lakini chuo hakipokei kujua. Kinapokea marejeo.” Marejeo ni maandishi ya watu wengine waliokwisha kusema jambo hilo kabla yako, yaani ukitaka kusema bwawa limekauka, utafute kwanza mtu aliyeandika kwamba bwawa lilikuwepo.

Basi akaanza kutafuta. Mwaka 2018 alikuwa kila Jumamosi katika maktaba moja ya hapa mjini, ambako mkutubi, Bwana Obed, yule mwenye shati la bluu anayejificha nyuma ya nguzo, alimwonyesha namna ya kuandika neno kwenye kompyuta na kusubiri, na wakisubiri walikuwa wakinywa chai ya huyuhuyu dada. Akiandika maji, zinakuja karatasi za mbu. Akiandika mafuriko, mbu. Akiandika Kilombero peke yake, mbu tena, wa kila namna, mbu wa ndani, mbu wa nje, mbu wanaouma watu na mbu wanaouma ng'ombe, kwa sababu wasomi waliokuja bondeni kwetu miaka yote hiyo walikuja kwa ajili ya malaria, na Mungu awabariki, lakini ukisoma kazi zao unaweza kudhani bonde hili halina samaki, halina sheshe, wale swala wetu wa mbugani, halina mpunga wala watu, ni mbu tu na vyandarua.

Miezi kadhaa alikuwa akirudi nyumbani amenuna. Halafu siku moja akaingia bila hata kuvua viatu, akamkuta dada yake anapepeta mchele, akamwambia, “Dada, huwezi kuhesabu viluwiluwi vya mbu bila kuandika bwawa liko wapi na lilikauka lini.” Dada yake akamwambia avue viatu. Lakini ilikuwa kweli, watu wa mbu, bila kukusudia, waliandika habari za kila bwawa, kina chake, majani yake, mwezi lilipokauka, na marehemu akaanza kukusanya kazi zao, za zamani na za juzi, akichapisha moja moja, mpaka chumba cha nyuma kikajaa, kitanda cha wageni kikatolewa, na wageni mkawa mnalala sebuleni mkilalamika.

Februari 2020 alipeleka kazi yake. Msimamizi akaandika kwamba marejeo haya ni ya afya, si ya mazingira, alete ya mazingira. Akaandika upya, akaeleza kwa heshima kwamba bwawa ni bwawa hata kama anayelitazama anatafuta mbu. Machi 2022 akapewa msimamizi mwingine, kijana, ambaye alisema marejeo yasizidi umri wa miaka kumi, na marehemu akamjibu kwamba ukitaka kuonyesha jambo lilikuwaje zamani, huna budi kumsoma mtu wa zamani. Hakujibiwa. Mwaka 2024 chuo kikamwandikia kwamba miaka yake ya masomo imekwisha, na kwamba anakaribishwa kuanza mwanzo. Alimsomea dada yake ujumbe ule kwa Kiswahili, akacheka, akaenda kulala saa kumi na moja jioni.

Marehemu alianza kuugua Agosti 2023, shinikizo la damu, kisha figo, akawa anapelekwa Morogoro kusafishwa damu na kurudi, na tarehe 4 Novemba 2025 alilazwa hapa mjini. Siku ya tatu alipata nafuu kidogo, akamwomba dada yake amletee karatasi moja kutoka chumba cha nyuma. Dada yake aliishia darasa la saba, la Kiswahili, Kiingereza anakijua kwa sura kama unavyomjua jirani usiyesalimiana naye, akauliza ataitambuaje, akaambiwa ile yenye mchoro wa mbu na ramani ya Kivukoni. Akaenda, akaleta. Marehemu akaitazama, akasema, “Siyo hii, dada.” Kesho yake akaleta nyingine. Siyo. Akaleta tatu kwa mpigo, akazishika mbele ya macho yake moja moja, na zote siyo, dada yake akachoka akamwambia, “Telesphory, zote zina mbu.” Akasema, “Ndiyo shida yenyewe, dada,” akacheka, na hicho ndicho kicheko chake cha mwisho ambacho yeyote katika familia hii alikisikia.

Jumanne tarehe 11 Novemba 2025 dada yake aliamka, akazitia zote zenye ramani katika kiroba cha mpunga, akapakia kwenye bodaboda, na pale getini mlinzi akamwambia mzigo hauingii wodini, na wakati wanabishana, yeye akisema ni karatasi tu, mlinzi akisema karatasi zinaleta mende, muuguzi akatoka akamshika mkono, na hakukuwa na haja ya kubishana tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa huku na wa Morogoro, walifanya waliloweza, na mlinzi pia anashukuriwa, alikuwa kazini. Inawashukuru majirani wa Mlabani kwa maji, kuni na turubai, walimu wenzake, kwaya, Bwana Obed, na vijana wa vyuo waliokuwa wakija kusoma katika chumba cha nyuma na kuacha viatu kila mahali. Bwana Obed aliombwa juzi aitafute ile karatasi, akaketi humo tangu asubuhi mpaka jioni, akatoka akasema inaweza kuwa yoyote. Amesema pia maktaba haipokei nakala za mtu. Fredy amesema siku ya kuanua tanga chumba kisafishwe, kuna mpangaji, na hasemi vibaya, nyumba ni yake. Na mama muuza karanga, ambaye hatajwi jina lakini anajijua, amekwisha kuuliza kama karatasi zile zina mwenyewe.

Zina mwenyewe, na yuko hapa mbele yenu kwenye sanduku. Dada yake hawezi kuzisoma, hawezi kuzipeleka chuoni, hajui kama zitamfaa mtu, na mchwa wa Ifakara hawangoji uamuzi wa kikao cha ukoo. Lakini mojawapo ni ile aliyoitaka, na mpaka apatikane wa kusema ni ipi, haitoki hata moja kufungia karanga.

Telesphory, umeuliza vya kutosha, pumzika sasa kwa amani, na huko uliko kama kuna maktaba usimchoshe mtu.

Mchungaji aendelee na ratiba ya kaburini. Dada wa marehemu anaingia ndani mara moja kukirudisha kiroba cha karatasi mahali pake, kisha anatoka, anaufunga mlango wa chumba cha nyuma, na ufunguo anaufunga kwenye pindo la kanga.