Mama Maswali na Dodoso Alilokataa Kulisaini

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Maswali, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi saa na mkunga. Alimaliza sekondari mwaka 1980 na chuo kikuu 1985, akiwa na shahada ya saikolojia. Hesabu alizipenda, kupika, tuseme ukweli, hakujaliwa.

Tarehe 3 Septemba 1988 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa kompyuta, mtu wa maneno machache. Dada aliongea kwa niaba ya wote wawili.

Mwaka 2009, dada akiwa mkuu wa ushauri nasaha hospitalini, yeye na shemeji walitengeneza dodoso la kompyuta la kupima hali ya wateja kabla ya kila kikao. Maswali yalikuwa ya kistaarabu: Habari za usingizi? Habari za nyumbani? Majibu yakaja: nzuri, salama, nzuri. Kwa mujibu wa kompyuta, kliniki nzima ilikuwa imepona! Mkurugenzi alifurahi, akataka lisambazwe mwezi uleule. Siku hiyohiyo mama mmoja, fundi cherehani, aliyejibu "nzuri" kote aliangua kilio mlangoni. Hakuwa amelala siku nne.

"Lakini mama, mbona uliandika nzuri?" shemeji alimuuliza.

"Sasa mtu akikujulia hali utamjibuje, baba?"

Dada alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi. "Halitoki, na sitalisaini," alisema. "Likisema huyu mzima, naye si mzima, tutamzika." Alitishiwa kuvuliwa cheo, hakutikisika. Aliandika upya: Jana usiku uliamka mara ngapi? Akalinganisha majibu ya wateja 312 na mahojiano ya washauri ambao hawakuonyeshwa majibu hayo, kisha akawapima wateja haohao tena baada ya wiki mbili. Haraka haraka haina baraka, alimjibu kila aliyemsukuma. Alisaini mwaka 2012, matokeo yalipokubaliana.

Saratani ya ini iligunduliwa Juni 2023. Alasiri ya tarehe 6 Februari 2024, binti yake alimuuliza anajisikiaje.

"Naogopa, mwanangu. Nishike mkono."

Alishikwa mpaka saa kumi na moja jioni, alipofariki.

Ameacha mume, binti mmoja, wajukuu wawili na sisi wadogo zake watatu. Hatutajikaza mbele yenu: tumeumia, na tunawaomba mtushike. Mwenyezi Mungu ampumzishe dada yetu kwa amani.