Bangili Arobaini za Mzee Sudi

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi, na kwa watumishi wenzangu wote wa Kituo cha Michezo ya Vijana, Gitega. Baada ya salamu na heshima, nia ya maandishi haya ni kumuaga Fundi Sudi Hamisi, anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Na pia kuomba uamuzi juu ya bangili zake arobaini za kuhesabu hatua, wanazovaa watoto wa Muyinga, ambazo nimeagizwa kuzirejesha stoo siku hiyohiyo.

Mzee Sudi aliajiriwa kutengeneza saa za kupimia mbio. Alipoona kwamba bangili za dukani, zile zinazohesabu hatua na mapigo ya moyo, zina bei wasiyoimudu wazazi wetu wakulima, alianza kuunda zake: kipimo kidogo kilichoagizwa kutoka nje, mfuniko wa kopo la mafuta ya kujipaka, na mkanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli.

Ya kwanza aliivaa mwenyewe, akaenda nayo kwa pikipiki kwenye mkutano wa makocha Muyinga. Ilimhesabia hatua elfu kumi na moja, naye amekaa. Mkutano ukampigia makofi. Yeye akasimama, akakiri kwamba kilichohesabiwa ni mitikisiko ya pikipiki, akarudi mezani kwa miezi minne, hadi bangili ikahesabu hatua za kweli tu.

Lililo kubwa lilitokea mwaka jana. Kocha Fredi wa Muyinga alitaka kumwondoa Raissa katika kikosi cha mbio, akidai kwamba binti huyo wa miaka kumi na mitano ni mvivu, huchoka kabla ya wenzake. Mzee Sudi aliomba Raissa avae bangili tangu anapoamka. Hatua zilionekana nyingi mno, Raissa akaulizwa: kumbe kabla ya kufika uwanjani alikuwa amechota maji mara tatu, amelima, na ametembea kilomita tisa.

“Kocha, huyu mutoto amesha maliza mazoezi,” Mzee Sudi alisema. “Ni we unachelewa.”

Kocha alicheka, kisha akaisoma bangili mwenyewe. Tangu siku hiyo hampangii mtoto mbio kabla ya kusoma bangili yake. Raissa yumo kikosini hadi leo.

Mzee Sudi, tunakushukuru. Tunakuombea mapumziko yenye afya na amani huko kwenu Muyinga, wewe na mkeo, Bibi Shakila.

Mheshimiwa, sababu iliyotolewa ya kuzirejesha bangili ni kwamba hazitakuwa na fundi. Lakini Jeska, msaidizi aliyefundishwa na Mzee Sudi kwa miaka sita, huzitengeneza vyema. Mimi ninayezipokea na kuzitoa ni shahidi. Naomba uamue kwa maandishi, kabla ya tarehe 30: Jeska athibitishwe kuwa fundi, na bangili zibaki mikononi mwa watoto.

Elikana Ntahomvukiye,
Mtunza Stoo