Nyama ya Kulungu Isiyo na Majibu

Nyuma ya kafeteria yetu hapa Al Jaddaf, Dubai, upande unaopata kivuli mapema, kuna benchi refu la mbao ambalo hakuna anayejua nani alilileta. Wenyewe huanza kuingia baada ya Alasiri. Mwisho kabisa hukaa Daktari. Jina lake Aidarus, mtu wa Lamu, na udaktari wake ni kupanga maboksi katika ghala la dawa. Katikati hukaa Kamanda, yaani Duncan wa Kakamega, ambaye hulinda mnara mmoja kule Jumeirah Lake Towers na hurudi kwetu na sare yake bado imemkaza kiunoni. Wa tatu ni Nasifu, Mzanzibari, mpishi wa nyumba ya mzee mmoja si mbali na hapa. Huyo tunamwita Bizari, kwa sababu hata siku ya mapumziko shati lake linanukia jikoni. Mimi ni Mawadda, wa Tanga, nipo kaunta. Kazi yangu ni kuwatilia kahawa na kusikia yasiyonihusu.

Jumatano ile Nasifu alikuja akakaa bila kusalimia. Nikamwekea kikombe, hakukigusa.

— Bizari, umefiwa? — aliuliza Kamanda.

— Sijafiwa. Kuna nyama katika friji inaninyima usingizi.

— Nyama ya nini hiyo yenye nguvu hivyo? — akacheka Daktari.

— Ya kulungu.

— Kulungu namjua mimi. Kwetu bara wako.

— Huyu si wa kwenu, Kamanda. Huyu ana pembe zimechanua kama mti mkavu, na mwili mkubwa kama ndama. Mie sina jina jingine la kumpa.

Hapo ndipo akatueleza. Arbab wake, yaani tajiri wake, Abu Wahid, alisafiri na mwanawe hadi milima ya Amerika kuwinda. Mzee mwanana, hajawahi kupaza sauti jikoni. Alipiga Bismillah akafyatua, akapata kulungu mmoja, akarudi na nyama yake ndani ya kasha la barafu, vibali vyote mkononi. Lakini huko alikowinda wanyama hao wana maradhi.

— Mnyama anakonda mpaka mbavu zinahesabika — alisema Nasifu. — Mate yanamtoka, anazungukazunguka, anasahau hata kuogopa watu. Dawa hakuna. Akidondosha mate, udongo unabaki nayo hayo maradhi miaka. Basi wawindaji wamewekewa masharti. Usiwamwagie chakula wala chumvi pahala pamoja, watalambana waambukizane. Ukiua, kichwa ukipeleke kikapimwe. Ubongo na uti wa mgongo usiutoe nje ya eneo lile. Mabaki usiyatupe porini. Na nyama usiile mpaka majibu yatoke.

— Kwani mtu akila anashikwa? — aliuliza Kamanda.

— Mpaka leo hawajamwona mtu aliyeshikwa. Lakini hawathubutu kusema kuleni.

— Na majibu yametoka? — niliuliza mimi, birika mkononi.

— Hayajatoka, dada Mawadda. Wamesema yanachelewa. Na Ijumaa nimeambiwa nipike.

Daktari akajiweka sawa, nasi tukajua anakuja.

— Sikiliza, Bizari. Roweka kwenye siki na ndimu usiku kucha, utie habasoda. Mimi naishi na madawa, hakuna ugonjwa unaostahimili siki.

— Arbab anasema hata moto hauui maradhi haya.

— Moto? Moto hauui? Wallahi hao wanapika na mshumaa! Tena huo ni ugonjwa wa nchi za baridi. Umeletwa Dubai. Utoe nje kibarazani saa moja tu, joto hili litaumaliza lenyewe.

— Joto hili mwezi wa nane hata mimi nakonda na mate yananitoka — alisema Kamanda. — Ninyi hamwoni hii ni mchezo? Kuna watu wanauza nyama ya ng'ombe huko. Wakasema, hawa wasee wanajipigia kulungu bure porini, tutawauzia nani? Wakatunga ugonjwa.

— Na kulungu wanaokonda, wanakondeshwa na nani? — nilimwuliza.

— Wamewekwa kwa mazoezi, dada.

Walicheka wote isipokuwa Nasifu. Yeye alikuwa anakizungusha kikombe juu ya benchi. Ndipo akasema sababu ya ile haraka ya Ijumaa.

Abu Wahid ana kaka yake mkubwa, mzee Adib. Haoni tena, sukari ilimchukua macho, sasa iko kwenye figo. Jumamosi alikuwa anapelekwa Ujerumani kutibiwa, na nyumbani hakuna aliyekuwa anazungumza habari za kurudi. Zamani, wakiwa watoto, baba yao aliwahi kuwaletea swala kutoka jangwani, wakala watoto wote sinia moja. Siku hizi swala wa hapa wamelindwa, hawawindwi, na ndivyo inavyopasa. Lakini mzee Adib kila akiumwa huitaja ile nyama. Ndiyo Abu Wahid akafunga safari yote ile.

— Kwa hiyo yule mzee hakwenda kustarehe — alisema Daktari, sauti imeshuka.

— Hakwenda kustarehe. Mwanzo alikuwa ananiambia mwenyewe, Nasifu, tusubiri majibu. Jana kaniambia, khalas, sisi wazee, tutaogopa nini tena? Pika.

— Basi pika — alisema Kamanda. — Sir amesema, unasema yes sir. Visa yako iko kwa nani? Si kwake? Ama fanya hivi. Huyo mgonjwa haoni. Chukua mbuzi, mpikie vizuri, mwambie ni kulungu. Anafurahi, arbab anafurahi, hakuna mtu ameumia.

Nasifu akakisukuma kikombe kando.

— Kila Ijumaa mzee Adib akija, mie ndiye ninayemwongoza kwenye sahani. Ananipa mkono, nauweka. Namwambia, baba, hapa wali, hapa nyama, hapa pilipili jihadhari. Anakula kwa maneno yangu. Nimwongopee hapo hapo mkono wake umo mkononi mwangu?

Kamanda akavua kofia, akaitazama ndani. — Sikuwa nimefikiria hiyo — alisema.

Siku hiyo kila mtu aliondoka bila kutoa uamuzi. Yaliyotokea Ijumaa alinisimulia Nasifu mwenyewe, kesho yake, amesimama kaunta.

Aliitoa nyama asubuhi kama alivyoagizwa, akaiweka katika sinia yake peke yake na kisu chake peke yake. Abu Wahid akaingia jikoni, jambo ambalo halimo katika mazoea yake, akasimama kuitazama.

— Nzuri? — aliuliza.

— Nzuri, baba.

— Rangi yake kama ya ile aliyotuletea baba yetu.

Nasifu akawasha jiko, akatia samli, akatia vitunguu. Vikawa vyekundu. Ulikuwa wakati wa kutia nyama, na mkono haukwenda.

— Nasifu, vitaungua.

— Baba, mie hupika kwa kuonja. Sijawahi kumpelekea mzee Adib chungu ambacho sijakionja. Na hiki naogopa kukionja. Nina watoto wadogo Mkokotoni, wananitazama mie.

Aliniambia kwamba wakati anasema hayo alikuwa anayasikia kama yanasemwa na mtu mwingine. Yule mzee hakukasirika. Aliuliza tu:

— Na mimi nikikuamuru uonje?

— Nitaonja, baba. Niko nyumbani kwako.

Vitunguu vilianza kutoa moshi. Nasifu akazima jiko. Abu Wahid akavuta kile kigoda ambacho Nasifu hukalia akimenya viazi, akakikalia, na kanzu yake nyeupe ikaburura sakafuni. Alikaa vile, mikono juu ya magoti.

— Nilihesabu roho yangu na ya ndugu yangu — alisema mwisho. — Nikasema hizo ni zetu, tunaweza kuzichezea. Yako sikuihesabu, mwanangu. Na ya mke wangu atakayeonja mchuzi. Na ya wajukuu watakaokuja kudokoa.

Akainuka kwa taabu.

— Irudishe kwenye barafu. Tupikie mbuzi.

Baada ya swala ya Ijumaa mzee Adib akaingia kwenye kiti chake cha magurudumu. Akanawa, akatoa mkono kama kawaida.

— Nasifu, leo nini?

— Wali hapa, baba. Hapa nyama ya mbuzi.

— Mbuzi? Mimi nimeahidiwa kulungu.

Abu Wahid akamweleza ndugu yake kila kitu, bila kuficha: maradhi, kichwa kilichopelekwa kupimwa, majibu yaliyochelewa. Mzee Adib alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, ikabidi apewe maji.

— Umevuka bahari mbili, umepanda milima, ili uje unilishe mbuzi wa sokoni!

Wakaletewa pembe. Hizo zilikuwa zimechemshwa na kusafishwa hukohuko, sheria inaruhusu. Mzee Adib akaziweka mapajani, akazipapasa tawi kwa tawi, taratibu, kama mtu anayemtambua mtoto wa jirani. Akauliza: alikuwa amesimama vipi? Upepo ulitokea wapi? Alikukimbia au alikutazama? Abu Wahid akawa anajibu, moja baada ya jingine, na wali ukapoa. Walizungumza mpaka Alasiri, wakaingia hadithi za utotoni, na Nasifu anasema hakuwahi kuwasikia wazee wale wakitaniana kiasi kile. Wakati wa kuondoka mzee Adib alimshika mkono.

— Nyama msiitupe. Nikirudi tutaila.

Jumanne iliyofuata Nasifu akaja kijiweni mapema, na safari hii aliomba kahawa kabla hajakaa.

— Majibu yametoka — alisema.

— Sema! — Daktari aliruka.

— Mzima. Hakuwa na kitu.

— Nilisema mimi! Siki tu ingetosha!

— Acha siki yako. Hakuwa na kitu, siki ingefanya nini?

— Kumbe mzee wa watu ameenda Ujerumani na mbuzi tumboni, bure — alisema Kamanda. — Bure kabisa, Bizari. Na nyama ilikuwa safi.

Niliona uso wa Nasifu ukisawijika. Nikatoka nje ya kaunta na kitambaa changu cha kufutia, nikasimama mbele yao.

— Bure vipi? Ijumaa nani alikuwa anajua? Wewe ulijua, Kamanda? Hata hao wapimaji walikuwa hawajajua.

— Simlaumu, dada. Nasema tu inauma.

— Inauma — alikubali Nasifu. — Mie mwenyewe nimelala nalo. Najiambia, ningefumba macho nikaonja, mzee angekula haja yake.

— Na kama ingekuwa nayo? — nilisema.

— Ndiyo hapo, dada Mawadda. Ndiyo hapo.

Daktari akamhurumia, akabadilisha upepo. Akasema sasa kilichobaki ni kupanga chungu. Yeye anashauri nyama ikaushwe kwanza, kama wafanyavyo watu wa kale wa jangwani ambao hakuwataja. Kamanda akataka ichomwe kwa mkaa na chumvi, basi, na ugali, na akajitolea kuupeleka huo ugali mlangoni kwa Abu Wahid mwenyewe. Daktari akasema ugali utamrudisha mzee hospitali. Kamanda akasema kwao ugali ndio hospitali. Nasifu akaanza kutabasamu. Akasema machbusi, ule wali wao wa nyama, na loomi nyeusi, zile ndimu kavu, moto mdogo, na hakuna mtu mwingine atakayeingia jikoni mwake. Wakabishana hivyo mpaka kahawa ya mzunguko wa pili ikaisha, kila mmoja anajigawia mnofu wa mnyama ambaye hajamwona.

Kaunta alikuwa amesimama mwanamke mmoja, Everlyn, ndio kwanza amehamia chumba cha juu. Anafanya kazi hotelini huko Silicon Oasis na alikuwa bado na beji kifuani. Alikuwa amenunua chai, na badala ya kupanda ngazi akabaki akiwasikiliza. Walipopumua kidogo, akasogea.

— Samahani, sikutaka kuingilia. Huyo mgonjwa, anaendeleaje?

Kamanda akamtazama Daktari. Daktari akamtazama Nasifu. Mimi nilikuwa nimeshika birika tupu, nikatambua kwamba tangu Jumamosi niliuliza habari za nyama, za majibu, za pembe, na hilo sikuliuliza.

— Sijui — alisema Nasifu.

— Si unafanya kazi hapo nyumbani? — aliuliza Everlyn, kwa upole tu.

— Nafanya. Leo asubuhi arbab alipokea simu akatoka nayo bustanini. Aliporudi hakula. Nikamwonyesha majibu niliyotumiwa na mwanawe usiku, kwamba ni mazuri, akasema alhamdulillahi, akapita. Nilidhani amechoka.

Nasifu akasimama, akakiacha kikombe chake palepale kikiwa hakijaisha, akafunga kifungo cha juu cha shati.

— Ngoja nikamwulize — alisema.

Akaenda kwa mwendo wa haraka kuelekea nyumbani kwa mzee. Kamanda akasogea kumpisha Everlyn nafasi, naye akakaa, na sote wanne tukabaki tunaitazama ile kona ya barabara.